Kengele ya Mbau Isiyoita Watu

Tangu nirudi, duka langu la vipuri vya pikipiki limegeuka redio. Mteja anaingia akitaka mnyororo, anatoka bila mnyororo, amebeba nusu ya hadithi. Jana nimesikia kwamba nimeiba kengele ya Wakatoliki. Leo asubuhi nimeambiwa nimebatizwa upya. Basi, rafiki zangu, kaeni chini. Nitaisimulia mara moja tu, kisha mniache niuze vitu.

Kwa asiyejua: sisi ni watu watatu hapa Butembo tunaopiga jazi. Papa Musubao, seremala, anapiga kontrabasi, ile fidla kubwa ya sauti za chini, aliyoichonga kwa mikono yake mwenyewe kwa mbao za mti wa libuyu. Binti yake Kavira anapiga saksofoni, aliyojifunza katika fanfari, bendi ya tarumbeta ya parokia. Mimi niko kwenye ngoma. Huo muziki wetu hapa mjini unasikilizwa na wachache na kueleweka na wachache zaidi, na sijui kama sisi wenyewe tumo katika hao wa pili. Lakini tunaupenda hadi unatuuma.

Mwaka jana Papa Musubao aliugua malaria kali, akatibiwa kwa kinini, akapona. Masikio yake ndiyo hayakupona. Sauti za chini anazisikia vizuri, sauti kali za juu zinamchoma. Na katika ngoma zangu kuna simbale, sahani kubwa ya shaba ya upande wa kulia, ile tunayoiita ride, ambayo kijiti hakiiachi tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho, kwa maana ndiyo inayoshika mwendo wa jazi. Yangu ilikuwa kali. Nikiigusa tu, mzee anafumba macho. Siku moja akaegemeza kontrabasi ukutani katikati ya wimbo.

"Mwana, hii simbale yako inaniingia mu kichwa sawa musumari," alisema. "Mi nataka nisikie kijiti, hapana chuma. Kama haupate ingine, mi naacha. Na hii kontrabasi nitaibomoa, nitengenezee Mama Kavira kabati. Mbao ni mbao."

Mama Kavira ni mkewe. Watu waliokuwapo walicheka. Kavira hakucheka, na mimi nilipomwona Kavira hacheki, kicheko kikanikauka mdomoni. Wiki iliyofuata niliingia karakanani kwake nikakuta mgongo wa kontrabasi umechorwa mistari ya kalamu ya seremala, tayari kwa msumeno. Nikafunga duka niende Beni kutafuta simbale nyingine. Habari za kutafuta gari na karatasi za njia nawarukia. Hazikunifurahisha mimi, hazitawafurahisha ninyi.

Butembo hadi Maboya, pamoja na chakula juu ya simbale

Niliondoka katika lori lililobeba viazi na puaro, vile vitunguu vya majani, kutoka Lubero, nimekaa mbele na dereva, mtu mnene mcheshi aitwaye Mbusa. Mkononi nilishika simbale yangu kali ndani ya mfuko wa kitambaa. Niliibeba makusudi ili masikio yasinidanganye. Kila nitakayoipiga huko Beni ningeilinganisha na adui anayejulikana.

Nilikuwa na furaha ya mtoto aendaye kununuliwa viatu. Nilipiga mwendo kwa vidole kwenye mlango wa lori mpaka Mbusa akaniuliza kama nina homa.

Furaha hiyo ilidumu hadi karibu na Maboya. Mvua ya usiku ilikuwa imelainisha barabara, lori la mbao lililotutangulia likazama tope hadi kwenye ekseli, na nyuma yake tukapanga foleni sote, magari, pikipiki na mbuzi. Mnajua mambo hayo. Saa moja ya kwanza watu wanatoa ushauri, ya pili wanagombana, ya tatu wanatafuta chakula. Akina mama wa pale walishuka mlimani na maparachichi na makemba, ndizi za kuchoma, moto moto, yananukia majivu.

Tatizo likawa pa kuyaweka. Mbusa akautazama mfuko wangu.

"Si uko na sahani kubwa humo?"

"Si sahani, ni simbale."

"Haina kitundu?"

"Ina kitundu kimoja, katikati."

"Bon, parachichi itaziba kitundu. Lete!"

Basi simbale yangu ikatandazwa juu ya boneti, ikajaa makemba na maparachichi na chumvi, na watu tusiojuana tukaizunguka tukala kwa vidole. Mwanamke mmoja aliyekuwa anaenda kwa mwanawe Beni alisema hajawahi kula kwenye chombo kinachoimba kila unapochukua kipande. Nikamwambia hapo ndipo ugonjwa wake ulipo, inaimba hata isipoombwa. Nikawaeleza habari za Papa Musubao, na kila mtu akawa na dawa ya masikio ya kupendekeza. Mojawapo ilihusu mafuta ya kuku na sitaitaja zaidi.

Jua lilikuwa limekwisha kuinama lile lori lilipovutwa. Simbale niliifuta kwa majani ya ndizi, lakini mafuta ya parachichi hayatoki kirahisi.

Kizuizi, na rumba ya lazima

Kabla ya kuingia Beni, askari wa kizuizini alitazama ndani, akaona mfuko wa duara mapajani mwangu.

"Eza nini wana?" aliuliza kwa Kilingala.

Nilijibu kwa Kiswahili kwamba ni chombo cha muziki. Aliingiza mkono, akautoa unang'aa mafuta, akaunusa, akanitazama kama mtu anayetaka kusema jambo na hajui aanzie wapi. Chombo gani cha muziki kinanuka parachichi?

"Beta, toyoka," alisema. Piga, tusikie.

Nikashuka. Mbusa akanishikia simbale kwa kidole kimoja kupitia kile kitundu, nami nikatoa vijiti na kuanza mwendo wangu wa jazi, ting, ting-ki-ting. Askari akasikiliza kwa subira, akatikisa kichwa. Akasema huo mwendo unachechemea. Akanipigia mwenyewe rumba kwa viganja kwenye mlango wa lori ili nijue ulio mzima, na nikaufuata, na wenzake wawili wakaja wakicheza mabega. Tulipita huku wanatupungia mikono. Kwa kweli sijawahi kupata watazamaji wenye moyo kama wale, ingawa hawakutaka jazi hata punje.

Bungulu: mbwa asiyebweka

Beni nilifikia mtaa wa Beu, kwa tantine Kanyere, mdogo wa mama yangu, mjane mwenye sauti kubwa na mkono mkubwa wa kugawa chakula. Asubuhi nilitoka mbio hata chai sikumaliza, nikachukua pikipiki hadi mtaa wa Bungulu. Huko yuko Papa Kasereka, mfanyabiashara anayeleta vyombo vya muziki vya makanisa, na nilikuwa nimesikia ana simbale nyingi.

Alikuwa nazo kweli! Zilikuwa zinaning'inia kwenye kamba dukani, za kila ukubwa, zinawaka kwa jua la mlangoni. Nilitaka kuzipiga zote kwa pamoja.

"Unatafuta ya chorale, ya kwaya?" aliuliza Papa Kasereka. Bila kungoja jibu, akachukua mpini wa ufagio akaichapa ile kubwa kuliko zote. Mlio wake ulipita kifuani, ukatoka mgongoni. Jirani akachungulia. "Hii, mwana, ukiipiga hapa, hadi kule Oicha batu banasimama kuomba!"

"Papa, mimi natafuta isiyolia sana."

"Isiyolia?"

"Iseme kidogo, kisha inyamaze. Nisikie kijiti."

Alinitazama kwa huruma ya kweli. "Mais mwana, mutu anaendaka mu soko kununua mbwa yenye haibweke?"

Hata hivyo aliniruhusu nizijaribu. Nilivuta kigoda, nikazipiga moja moja, polepole, kwa ncha ya kijiti, kisha kwa shingo yake, karibu na kitovu, halafu karibu na ukingo. Kwa wasiojua: simbale ya kuchapa mara moja inatakiwa ilipuke. Ride haitakiwi kulipuka. Inapigwa mfululizo, na kama kila pigo linaacha mlio mrefu, mlio unapanda juu ya mlio hadi unakuwa ukuta, na nyuma ya ukuta huo kontrabasi inazikwa hai. Zote za Papa Kasereka zilikuwa ukuta. Mbili zilikuwa mbaya kuliko ile niliyotoka nayo nyumbani. Watu walijaa mlangoni wakidhani nimetumwa na kanisa kubwa, na kila nilipoirudisha moja kambani walisikitika.

Nilimshukuru nikaondoka. Kusema ukweli, nilikuwa na hasira, maana nilikuwa nimejiaminisha kwamba jambo litakwisha siku ile ile. Niliona mbele ya macho yangu ile mistari ya kalamu kwenye mgongo wa kontrabasi.

Beu: tantine anasema jambo na hajui amelisema

Mchana tantine alipika bugali, sombe ya majani ya muhogo na fretini, vile visamaki vidogo, akaniwekea mlima. Nilikula nikinung'unika. Ili aelewe shida yangu, nikaitungika ile simbale yangu kwenye kamba ya nguo na kuipiga. Aliziba masikio kwa viganja vyenye sombe.

"Acha! Iko nalia mubaya! Mais ungetupatia hiyo kule Mbau, tungefurahi."

"Mbau mnaitakia nini?"

Tantine ana shamba la kakao Mbau na husali katika kapela ya huko akilala shambani. "Kengele yetu iko namna hiyo hiyo, simbale," alisema. "Mais ya bure! Katekista anaipigaka mpaka anatoka jasho. Inasema tu 'tii', halafu inanyamaza. Haiitake batu. Njo maana siye bote tunachelewaka Misa. Padri anatukemea kila mara."

Nilisimama na tonge mkononi.

"Tantine, rudia."

"Nirudie nini?"

"Inasema tii, kisha inanyamaza?"

"Eeh. Ile ni kengele gani?"

"Tantine, ndiyo hiyo! Ndiyo hiyo!" Nilimkumbatia, sombe na yote. Alisukuma bakuli la pilipili mbali nami akisema pilipili imeniingia kichwani.

Mbau, mara ya kwanza

Njia ya Mbau, kwa usalama, watu huenda asubuhi na kurudi jua likiwa bado juu, hilo halina mjadala. Tulitoka mapema kwa pikipiki mbili, tantine mbele akimwelekeza dereva njia ambayo dereva huyo hupita kila siku. Kando ya barabara kakao ilikuwa imeanikwa kwenye maturubai, na harufu yake ya uchachu ilitufuata hadi kapelani.

Niliiona kabla sijashuka. Ilikuwa inaning'inia kwa waya chini ya ukingo wa paa la mabati, imepata kutu ya kijani, nzito, nyeusi-nyeusi, na ukingo wake umebonyea kidogo pale inapopigwa kwa nondo. Katekista, Papa Kakule, mzee mpole mwenye koti hata juani, alitueleza historia yake. Zamani kengele yao ilikuwa jante, ringi ya gurudumu la lori. Waliporudi kutoka kukimbia vita, jante haikuwapo. Halafu mpiga ngoma mmoja wa orkestra iliyovunjika alifunga ndoa hapo kapelani, na kwa kuwa hakuwa na kitu kingine, akatoa simbale yake sadaka.

Niliomba ruhusa. Nikatoa kijiti, nikagusa.

Jamani! Tik, ile ya mti kabisa, kavu, wazi, kila pigo peke yake. Chini yake ulisikika mvumo mdogo wa giza, kama mvua inayonyesha kwenye migomba ya jirani, na kabla hujauzingatia umekwisha. Nikapiga mwendo mzima, ting, ting-ki-ting, nikaongeza kasi, nikapunguza. Haikujenga ukuta. Nilipiga mpaka nikasahau nilipo. Nilipogeuka, machozi yalikuwa yananitoka, na akina mama watano waliokuwa wanafagia kapela walikuwa wamesimama na fagio zao.

Hapo nikafanya kosa. Nikatoa pochi.

Tantine alitazama chini. Yule mkubwa wao, Mama Masika, rais wa akina mama wa kapela, alikuja taratibu akairudisha pochi mfukoni mwangu kwa mkono wake mwenyewe.

"Mwana, hii kitu ilitolewa pa altare," alisema. "Kitu ya altare haiuzwake. Hata padri hawezi kuiuzisha."

Nilidhani mambo yamekwisha. Nikamweleza habari za Papa Musubao, masikio yake, kontrabasi na kabati. Mama Masika alisikiliza hadi mwisho, akawaendea wenzake, wakaongea Kinande kwa muda mrefu kwa sauti ya chini. Alirudi.

"Kuuza, hapana. Kubadirisha, labda. Utuletee yenye kuita batu, tuisikie mpaka mu mashamba. Na utaileta namna hii ilikuja."

"Hakuna shida, mama," nilisema. "Nitaileta kwa pikipiki."

Wote wakacheka hadi fagio zikawaanguka. Sikuelewa, nikacheka nao.

Bungulu tena, shingo chini

Papa Kasereka aliniona kutoka mbali.

"Ile mbwa yenye haibweke, umeipata?"

"Nimeipata, Papa. Lakini wenyewe wanataka hii yako inayobweka, maana yangu inachoma masikio ya karibu tu, haifiki mashambani."

Alicheka, akakaa, akacheka tena akiwa amekaa. Kisha akaichagua mwenyewe, akizichapa zote kwa mpini wa ufagio mpaka mtaa mzima ukajua kuna biashara. Tulichukua ile ya Oicha. Ajabu ni kwamba safari hii niliipenda. Niliisikiliza kwa masikio ya mtu aliye shambani, ng'ambo ya bonde, jembe mkononi, na nikaona ni nzuri kabisa.

Jumamosi asubuhi tulikuwa Mbau. Akina mama walikwisha kutawanyika mashambani, kila mmoja kwake. Papa Kakule alivua koti, jambo ambalo tantine alisema halijawahi kutokea, akainua nondo, akapiga. Kuku walikimbia. Tukasikiliza. Kutoka kwenye kakao ya karibu sauti ikaitikia "Yoo!" Kisha nyingine, mbali zaidi. Kisha, hafifu, kutoka mtelemko wa mwisho kabisa, ya Mama Masika mwenyewe. Papa Kakule alipiga tena bila sababu yoyote, kwa raha tu.

Mama Masika alipofika, anahema, aliiangalia simbale mpya, akanishika bega. "Hii ni kengele," alisema.

Nikanyoosha mkono kuchukua ile ya zamani. Akaupiga mkono wangu, si kwa nguvu. "Kesho. Mu Misa."

Ndipo tantine akanieleza, akijifuta machozi ya kicheko, maana ya "namna hii ilikuja". Yule mpiga ngoma hakuiacha mlangoni. Aliileta kwenye maandamano ya matoleo, pamoja na ndizi na kuku, akicheza hadi altareni. Na mimi ningefanya hivyo hivyo.

Mnanijua. Mimi ni mtoto wa Waprotestanti pande zote mbili, hadi kwa babu. Na zaidi ya hapo, mimi ni mpiga ngoma. Mpiga ngoma anawachezesha wengine. Yeye mwenyewe hajui miguu yake iko wapi.

Jumapili, kati ya jogoo na ndizi

Kengele mpya ilipigwa ili ijaribiwe rasmi, na watu walikuja mbio hata padri hajashuka kwenye pikipiki yake. Alikuta kapela imejaa, akatoka nje kuhakikisha kwamba hajachelewa yeye. Kisha wakaishusha, wakanipa.

Katika Misa nilisimama walipopiga magoti na kupiga magoti waliposimama. Tantine alinivuta shati kila mara. Ngoma za matoleo zilipoanza, foleni ikapangwa mlangoni: mbele yangu mama mwenye jogoo, nyuma yangu mama mwenye mkungu wa ndizi kichwani, na wengine na mihogo na beseni la kakao kavu. Hatua ni mbili mbele, moja nyuma, na bega linafuata. Kila mtu alijua isipokuwa mimi. Niliiweka simbale kichwani, na kitovu chake kikanikaa kama kofia iliyopimwa, nikaanza.

Nilikwenda mbele walipokwenda nyuma. Nilimkanyaga mama wa jogoo. Jogoo alinidonoa mkono, na simbale ikainama ikagonga nguzo, ikalia kanisa zima. Watu wakapiga vigelegele, wakidhani ni sehemu ya mchezo. Basi nikaona liwalo na liwe. Nikaishusha, nikatoa kijiti mfukoni, nikaipiga ule mwendo wa ngoma zao huku nikienda, na miguu, ilipoona mikono ina kazi, ikatii. Nilifika altareni nikicheza kweli! Nilikuwa nimelowa jasho na sijawahi kufurahi kanisani namna ile, na mchungaji wangu akisikia haya anisamehe.

Padri aliipokea simbale kwa mikono miwili, akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Wewe ni wa shirika gani?" Shirika ni kundi la majirani wanaosali pamoja, na kila Mkatoliki huko ana lake.

Nilibabaika. "La jazi, mon père."

Safu ya mbele walisikia, na kicheko kikasafiri hadi mlangoni. Padri alinyunyiza maji ya baraka kwenye kengele, na sehemu kubwa ya maji hayo ikanipata mimi. Ubatizo mnaousikia mitaani ni huo.

Baada ya Misa Papa Kakule aliikata waya, akaifuta simbale ya zamani kwa mkono wa koti lake, akanikabidhi.

"Usiende kuipigia mu bar," alisema Mama Masika.

"Mu bar pia kuko batu ya Mungu," alisema Papa Kakule.

Nikasema wasingya, asante ya Kinande, mara nyingi, na kwa kila mmoja, hadi tantine akaniambia jua linakwenda.

Beni hadi Butembo, na hofu niliyoibeba mwenyewe

Njia ya kurudi ilikuwa kavu, na gari dogo lilikwenda vizuri. Ndipo hofu ikapata nafasi ya kukaa. Nilikuwa nimeipiga nje, upeponi, kwenye nafasi wazi. Ndani ya karakana yenye paa la mabati je? Na lile bonyeo la ukingoni, kama lingekuwa limefungua ufa? Na mzee mwenyewe je, akiisikia akafumba macho vilevile? Niliipapasa ukingo wote kwa kidole, kuzunguka na kuzunguka, hadi abiria wa pembeni akauliza kama ninasali rozari. Nikasema karibu.

Karakana

Kavira alinipokea mlangoni, uso umebadilika. "Ametoa nyuzi leo asubuhi," alisema.

Kontrabasi ilikuwa imelazwa kwenye meza ya kazi, haina uzi hata mmoja, shingo wazi. Papa Musubao alikuwa anainoa randa. Aliona nilichobeba, akaona ile kutu ya kijani, akasema, "Ile umetoa mu takataka gani?" Nilifunga stendi, nikaiweka, nikaketi. Yeye aliweka randa chini, akaketi kwenye kigoda, akaziba masikio kwa viganja vyote viwili, akangoja kuumizwa.

Nikaanza taratibu. Ting, ting-ki-ting. Ting, ting-ki-ting.

Hakufumba macho. Alitazama ncha ya kijiti changu. Baada ya muda alitoa mkono mmoja, akainamisha kichwa upande ule, akangoja. Kisha akatoa wa pili.

"Ongeza," alisema.

Nikaongeza.

"Ongeza tena. Usisimame. Hata nifanye nini, usisimame!"

Aliinuka, akafungua droo, akatoa nyuzi. Akazifunga moja moja, mimi napiga, yeye anakaza vigingi, anagonga kwa kidole, anasonya, anakaza tena, na kila uzi uliopata sauti aliujaribu juu ya mwendo wangu kabla ya kuushika unaofuata. Mkono ulikuwa unaniuma na nilikuwa nacheka peke yangu. Uzi wa nne ulipoingia, aliisimamisha kontrabasi, akaiegemeza begani, akaanza kuipiga kwa ule mwendo wa kutembea, noti baada ya noti, nami nikasikia kila moja ya noti hizo kwa mara ya kwanza tangu tuanze kupiga pamoja. Kavira alikuwa anahangaika na kamba ya saksofoni shingoni, kisha akaingia naye.

Sijui tulipiga kwa muda gani. Mama Kavira alikuja kumwita mumewe kula. Alisimama mlangoni, mkono bado umeshika pazia, akamwona amesimama hivyo, kichwa kimeinama, jasho linamdondoka kwenye mbao. Kavira akashusha saksofoni ili amwite babake. Mama akamtikisia kidole, akaketi kimya juu ya rundo la maranda.

"Musimuambie kama nimefika," alisema.